Bima ya Pasha Inaisha Tarehe Thelathini

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefagia ua. Nimewasha gari zote mbili, dakika chache kila moja, ili betri zisife. Nikazima. Petroli mjini hakuna; esansi iliyobaki kwenye matangi ni ya kunusa tu. Wiki ya tatu sasa bila somo la barabarani. Wanafunzi wanne wamekuja, nikawafundisha alama za njia panda ubaoni, wakapiga miayo, wakaenda zao.

Mbwa wetu Pasha kala nusu ya chakula chake. Wali na ndagala, dagaa wa ziwani. Nusu kaacha.

Barua ya bima imefika. Inakuja kila mwaka na kila mwaka natia sahihi bila kusoma. Marehemu mume wangu Ramadhani ndiye aliyeipanga hivyo: gari mbili za shule ya udereva na mbwa wa kulinda ua, vyote kwenye mkataba mmoja. Mwaka huu kuna karatasi ya ziada. Pasha ametimiza miaka kumi na moja. Mbwa akipita kumi, daktari wa mifugo ampime na ajaze fomu. Ugonjwa wowote utakaoandikwa humo hautaingia kwenye mkataba mpya. Mwisho tarehe thelathini.

Nimeisoma mara tatu. Sikai chini. Natembea nayo mkononi kutoka jikoni hadi getini na kurudi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempigia Amidu, wakala wetu wa bima tangu Pasha akiwa mtoto. Nikamuuliza: nikiacha mwaka huu upite, nikarudi mwakani? Hapana. Mbwa mgeni hawamchukui akishapita miaka minane. Wa zamani wanaendelea naye. Lakini mkataba ukikatika hata siku moja, anahesabiwa mgeni.

Basi ni mwezi huu au basi tena.

Alhamisi, 6 Novemba

Kaka Shaabani kapita akitokea Buyenzi kwenye gereji yake. Kaiona barua mezani. Kaisoma bila kuomba ruhusa, kama kawaida yake.

"Zuhura, we unatafuta asiransi ya imbwa? Watu wenyewe hawana."

Ni kweli. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alijifungua mwezi uliopita na hakuwa na bima yoyote. Nilijisikia mjinga. Kisha nikakasirika kwa kujisikia mjinga.

Shaabani hamgusi Pasha. Akija, anakunja kanzu na kupita mbali, upande wa ukuta. Anasema nyumba yenye mbwa haiingiwi na malaika. Namwambia mbwa halali ndani, analala uani. Anasema ua pia ni nyumba.

Sikumwambia kitu kimoja, nakiandika hapa. Miaka minne iliyopita wezi waliruka ukuta. Ramadhani alikuwa kitandani na homa. Pasha alikatwa panga la bega na hakuachia suruali ya yule mtu mpaka majirani walipofika. Bima ile ile ilimshona. Ramadhani alipofariki, ndugu walikaa siku arobaini, wakaenda makwao. Pasha hakwenda popote.

Sipendi mbwa. Sijawahi kuwapenda. Huyu tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwogesha baada ya sala ya adhuhuri, glovu mkononi. Chini ya kwapa la kushoto kuna uvimbe. Kama yai la njiwa. Mgumu. Nilipoubonyeza, aligeuza kichwa akanitazama. Hakulia.

Nilivua glovu. Nilinawa kama inavyotakiwa, mara saba, moja kwa udongo. Nikarudi nikavaa glovu nikaushika tena, labda nilikosea.

Sikukosea.

Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Binti mmoja anaitwa Claudine alikuja leo. Anauza bima ya kampuni nyingine, kasikia shule ina gari mbili. Mchangamfu, viatu vyeupe, hajali matope. Nilimuuliza juu ya mbwa kabla hata ya gari. Akafurahi. Kampuni yake inachukua mbwa bila kumpima. Magonjwa yote. Ila yanaanza kulipwa baada ya siku thelathini, na mbwa asizidi miaka minane.

"Huyu ana kumi na moja," nikasema.

Alimtazama Pasha aliyelala chini ya gari.

"Mama, tuandike saba. Nani atamuuliza yeye?"

Nikacheka. Nimeona aibu kwamba nilicheka. Ameniachia fomu. Ipo chini ya Msahafu, nimeiweka pale bila kufikiri, kisha nimeitoa haraka na kuitia kwenye droo.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango wangu, niuandike niuone ulivyo.

Kwanza: fomu ya Amidu ijazwe na daktari yeyote asiyegusa kwapa la mbwa. Wapo wengi. Mkataba mpya ukianza tarehe mosi Desemba, ndipo niugundue uvimbe. Nishangae. Nipeleke hospitali.

Au fomu ya Claudine. Miaka saba. Nisubiri siku thelathini, ndipo nishangae.

Kwa vyovyote vile Pasha anakaa na kitu kile mwilini wiki tatu, au wiki tano, ili mimi nipate karatasi nzuri.

Nimeuona ulivyo. Sijauacha.

Jumatano, 12 Novemba

Sijalala vizuri siku tano. Nimemfokea mwanafunzi kwa kuchanganya kulia na kushoto, na hakuna hata gari la kuendesha. Nimeomba radhi.

Saa nne nimempigia Amidu. Nikamwuliza kwa mafumbo, kama mtu anayemsemea jirani. Mbwa akikutwa na kitu kabla mkataba haujaisha, inakuwaje?

"Dada Zuhura. Pasha ana nini?"

Nikamwambia.

"Sasa sikiliza. Kilichoonekana leo ni cha mkataba wa zamani. Atibiwe, akatwe, karatasi zipigwe muhuri kabla ya tarehe thelathini, watalipa. Baada ya hapo uvimbe huo hawautaki tena, ukirudi ni wako mwenyewe. Mengine yote watayabeba."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza wakajua, wanafuta mkataba wote. Gari zimo humo humo, dada. Soma kipengele cha kumi na moja."

Nimekisoma. Kipo. Kimekuwepo miaka yote hii na sahihi yangu chini yake.

Gari za shule bila bima hazitoki getini. Shule inakufa siku hiyo. Nilikuwa tayari kuiweka shule ya Ramadhani rehani kwa uongo mdogo juu ya kwapa la mbwa.

Fomu ya Claudine nimeichana.

Nimempigia Docta Esperansi. Anapasua mbwa kule Kibenga, na hapa mjini simjui mwingine ninayemwamini. Upasuaji ni Alhamisi tu, siku ambayo mwenzake wa kuchoma sindano ya usingizi yupo. Kesho pamejaa. Amenipa Alhamisi ijayo, tarehe ishirini. Yeye mwenyewe hawezi kuja huku, gari lake nalo limekauka.

Jumapili, 16 Novemba

Uvimbe umekuwa yai la kuku. Siku tisa tu. Au sikuwa nauangalia vizuri mwanzo.

Nimekwenda kwenye foleni ya esansi asubuhi. Nimesukuma gari na vijana wa mtaa mpaka kwenye mstari. Nikakaa kwa muda wa saa saba nzima. Gari la kumi na mbili mbele yangu ndilo la mwisho kupata. Tumelisukuma kurudi.

Jumatano, 19 Novemba

Kesho ndiyo siku. Nimezunguka kutafuta taksi. Wenye esansi ni wachache na wanachagua wateja. Wanne nimewauliza. Wawili hawakunisikiliza mpaka mwisho. Wa tatu alitaka mbwa awe kwenye buti. Pasha ana kilo thelathini na uvimbe unakaribia kufunguka. Wa nne ni mzee, mstaarabu, alizima redio ili anijibu.

"Mama, apana. Imbwa mi sibebi. Mutu ataingia nyuma yake akaswali na nguo ile, dhambi ni yangu."

Sikuweza kumchukia. Mimi mwenyewe nanawa mara saba.

Alhamisi, 20 Novemba

Tulitoka kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Mutanga Nord hadi Kibenga ni kuvuka mji mzima. Nilijua. Nilitoka hivyo hivyo.

Pasha alitembea mpaka kona ya pili. Akakaa. Nilimvuta kidogo, akajaribu, mguu wa mbele ukakataa. Mvua ikaanza. Tukakaa wote wawili chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, watu wakitupita, wengine wakinicheka, mwanamke wa makamo mwenye mtandio na mbwa aliyelowa.

Nimempigia Docta Esperansi kumwambia hatufiki. Hakulaumu. Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na saba. "Nyuma yake hakuna nyingine kabla mwezi haujaisha, mama."

Najua, docta. Nahesabu kuliko wewe.

Nina hasira na esansi, na mvua, na Ramadhani aliyekufa akaniachia haya yote.

Jumamosi, 22 Novemba

Uvimbe umefunguka. Nimemkuta asubuhi ameulamba, damu kwenye sakafu ya kibaraza. Nimekaa chini nikakandamiza na taulo. Bila glovu. Sikuzikumbuka hata kidogo.

Shaabani ndivyo alivyonikuta. Alisimama mbali, upande wa ukuta.

"Mwache apumzike. Mutafutie sindano ya mwisho. Ni muzee."

Nikamwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia kaka yangu mkubwa. Kwamba alikuja mazishini akakaa siku tatu tu. Kwamba tangu siku hiyo anakuja kukagua ukuta na paa na vitabu vya shule, hajaniuliza hata mara moja nalalaje. Kwamba kila jioni mlango wa geti nikifunga, kiumbe kimoja tu ndicho kinachonisikia nikifunga. Kwamba Alhamisi asubuhi mbwa huyu anapasuliwa Kibenga, apende asipende. Nililia mbele yake. Sijalia mbele yake tangu tukiwa watoto.

Akaondoka. Hakuaga.

Damu ilikata saa sita. Nilinawa baadaye. Sijui hata nilihesabu ngapi.

Jumatatu, 24 Novemba

Mama Joze kaja darasani. Ni mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote na dereva mbaya kuliko wote. Anaishi Gatumba, anavuka mpaka kila siku na vitambaa na sukari, anataka kujifunza gari ili asibebe tena kichwani. Maji ya ziwa yaliwahi kumtoa nyumbani kwake mara mbili. Hacheki ovyo. Aliona taulo kwenye kamba, akauliza, nikamweleza yote, hata ya fomu niliyoichana.

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa tatu tuwe tumefika."

"Nina bidoni ya esansi nyumbani, dumu zima. Nilijiwekea ya masomo yangu, nilinunua ng'ambo kidogo kidogo. Tuitumie. Lakini naendesha mi."

Nikasema hapana. Hajawahi kuvuka mji. Mara ya mwisho alizima gari mara sita kwenye mzunguko mmoja.

"Mwalimu, esansi yangu, somo langu."

Nimekubali. Sijui nimekubali nini.

Jumatano, 26 Novemba

Pasha hajala tangu jana jioni, kama docta alivyoagiza, ingawa hata bila amri asingekula. Nimetandika mashuka ya zamani kiti cha nyuma. Kuna tatizo moja nimelizungusha kichwani siku nzima. Mama Joze akiendesha, mimi lazima nikae mbele kwenye pedali zangu za mwalimu. Nyuma nani atamshika Pasha? Akiamka kwa maumivu akaruka mbele, tutagonga.

Nimefikiria kumfunga kamba. Nimefikiria kukaa nyuma mimi na kumwachia Mama Joze peke yake mbele. Miaka kumi na tisa sijawahi kumwachia mwanafunzi peke yake.

Nimesali. Nimetembea kutoka jikoni hadi getini. Sina la kuandika zaidi.

Alhamisi, 27 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Saa moja na nusu Mama Joze kafika na bidoni yake, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mgongoni. Tukamimina. Gari likawaka mara ya kwanza. Tulikuwa tunahangaika kumwinua Pasha nilipomsikia mtu nyuma yangu.

Shaabani. Kavaa kanzu kuukuu ya rangi ya majivu, ile ya gereji. Hakusalimia. Alimpita Mama Joze, akainama, akapitisha mikono chini ya kifua cha Pasha na chini ya mapaja, akamwinua peke yake. Akaingia naye nyuma. Akakaa. Kichwa cha mbwa kikawa mapajani mwake, na damu kidogo ikashika kanzu.

Nikashika mlango wa gari.

"Kaka, nguo."

"Nguo itafuliwa. Ingia, mutachelewa."

Mama Joze aliendesha. Alizima gari mara mbili kabla hatujamaliza mtaa wetu. Mara ya tatu nilikanyaga klachi yangu kumsaidia, akasema niondoe mguu. Nikauondoa. Mjini tulipita polepole, barabara nusu tupu kwa sababu ya esansi, na hilo ndilo lililotuokoa. Kwenye daraja la mto Muha lori lilitubana, nikakanyaga breki mimi, Pasha akaguna, na nyuma nikasikia sauti ya chini, ya mtu anayesoma. Nikatazama kwenye kioo changu. Shaabani alikuwa anasoma Kur'ani taratibu, mkono wake juu ya sikio la mbwa.

Sikugeuka. Nilimwachia.

Tumefika saa tatu kasoro dakika tano. Docta Esperansi aliupima uvimbe, akasikiliza moyo, akaniita pembeni.

"Moyo una mlio kidogo. Ni umri. Naweza kukata, lakini pengine hataamka. Nisipokata, kidonda kitamla wiki chache. Sikuchagulii, mama."

Mwezi mzima nilikuwa nahangaika na karatasi. Sikuwa nimefikiria hili. Nilimuuliza angefanya nini angekuwa mbwa wake. Akasema angekata. Nikatia sahihi.

Kwa muda wa saa mbili na nusu tulikaa nje kwenye benchi. Ziwa linaonekana pale kati ya nyumba mbili. Mama Joze alisinzia, mikono bado imekunjwa kama imeshika usukani. Shaabani kafua kanzu kwenye bomba la nje, akaianika juu ya ua wa michongoma, akakaa na fulana. Kisha, bila kunitazama:

"Siku zile za msiba niliondoka kwa sababu sikujua niseme nini. Si kingine."

Nikamwambia najua. Sikuwa najua. Sasa najua.

Docta katoka saa sita. Pasha ameamka. Amejaribu kumng'ata.

Shaabani ndiye aliyecheka kwanza.

Ijumaa, 28 Novemba

Fomu imejazwa. Umri: miaka kumi na moja. Uvimbe: ndiyo, umeondolewa, tarehe imeandikwa. Moyo: una mlio. Kila kitu. Docta kapiga muhuri mara tatu.

Nimekwenda ofisini kwa Amidu kwa miguu. Kasoma ukurasa kwa ukurasa. Mkataba wa zamani unalipa upasuaji. Mkataba mpya unaanza Jumatatu: ajali, mifupa, sumu, majeraha ya ulinzi, vyote vimo. Uvimbe haumo. Moyo haumo.

"Moyo pia?"

"Umeandikwa, dada. Ungetaka usiandikwe?"

Nilifikiri kweli kabla ya kujibu. Hapana. Nisingetaka.

Kipande kilichokatwa kimetumwa kupimwa nje ya nchi. Majibu ni baada ya wiki nyingi. Docta kasema unaweza kuwa ule mbaya, unaweza usiwe.

Nimetia sahihi. Safari hii nimesoma kila mstari kwanza. Amidu alisubiri, hakuangalia saa.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua asubuhi, jua mchana. Pasha kafungwa bendeji kifuani na kola ya plastiki shingoni, anagonga kila kiti. Shaabani kamletea mchuzi wa mifupa kwenye chupa ya chai. Kaumimina mwenyewe. Bakuli kaliweka chini kwa urefu wa mkono, akarudi nyuma hatua moja, hatua moja tu.

Pasha kanywa wote.

Alasiri nimekaa kwenye ngazi. Pasha alikuja taratibu, akatafuta jinsi ya kulala na kola ile, mara ya kwanza ikamshinda, mara ya pili akapata. Pumzi yake ni nzito, halafu nyepesi. Kuna simu mbili sijazipokea, za wanafunzi wanaouliza kama kesho kuna somo. Nitawajibu.

Adhana ya magharibi imeanza huku nikiwa bado pale. Nimesikiliza mpaka mwisho. Nimenyanyuka polepole nisimwamshe, nikaenda kutawadha.